Shaibu, Kengele Ile Haikuwa Yako

Mpendwa Shaibu,

Barua hii itakufikia ikiwa imekwisha kusomwa na nusu ya Mbagala. Nakala moja nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa, nyingine ipo mlangoni kwa Abdala kinyozi, na ya tatu anayo mama yako. Najua si adabu kumwandikia mtu kisha ukawasomesha jirani zake kwanza. Nitakueleza huko mbele kwa nini imekuwa hivyo. Kwa sasa jua tu kwamba shauri hilo halikuwa langu, na aliyelitoa alikuwa na haki ya kulitoa.

Unanijua. Siwezi kusema jambo bila kulizunguka kwanza. Ulikuwa ukiniambia, "Mwalimu, fupisha, jua linatuchoma." Basi leo nitaanza na lile la mwisho. Miaka minne iliyopita, kwenye mashindano ya kimataifa ya riadha ya vijana, katika mbio za mita elfu kumi za wanaume, ulisimama ukiwa umebakiza mzunguko mmoja. Watu wa hapa wanaamini ulisimama kwa ujinga au kwa woga. Mimi nimewaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba ulifanya kile hasa nilichokufundisha.

Niruhusu sasa nieleze, maana wako watakaosoma hapa ambao hawakuwahi kukuona ukikimbia.

Mara ya kwanza nilikuona ukiwa na miaka kumi na mitatu, ukitokea Charambe kuelekea Kizuiani na ndoo kichwani. Ndani ya ndoo kulikuwa na mihogo iliyomenywa, imelowekwa kwenye maji, na mama yako alikuwa akiisubiri kwenye karai lake la kukaangia kando ya barabara. Ulikuwa unakimbia. Sisemi unatembea haraka. Unakimbia, magoti juu, na mkono mmoja tu umegusa ukingo wa ndoo.

"We mtoto," nikakuita. "Ndoo hiyo ina maji?"

"Ina maji. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona hayamwagiki?"

"Yakimwagika mama ananichapa."

Nilicheka njia nzima. Lakini nilikuwa nimeona jambo ambalo makocha hulitafuta kwa miaka: kichwa kilichotulia. Mkimbiaji wa mbio ndefu anayeyumbisha kichwa anatumia nguvu mara mbili, za kwenda mbele na za kwenda pembeni. Wewe ndoo ilikuwa imeshakufunza. Kesho yake nilikwenda kwa mama yako, nikamwomba anipe wewe kila siku alfajiri na kila Jumamosi. Akaniuliza atapata nini. Nikamwambia hatapata kitu, ila mwanawe atapata nidhamu. Akasema, "Nidhamu anayo, Mwalimu, ila mchukue, maana hapa ananimalizia karanga."

Miaka mitano tulikuwa pamoja kwenye uwanja ule wa mchanga. Mimi nimekaa juu ya kreti la soda na saa mkononi, wewe unazunguka. Nilikufundisha kushusha mabega. Nilikufundisha kutotazama nyuma, na kuweka akiba ya pumzi kwa theluthi ya mwisho ya mbio. Nilikufundisha hata namna ya kufunga kamba za njumu ili fundo lisikukate juu ya mguu. Ulikuwa mwanafunzi wa kuuliza, na mimi ni mtu wa kujibu, kwa hiyo tulipatana sana. Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza kwa sababu hukuwa na sababu ya kuuliza, nami sikulieleza kwa sababu nililiona la kawaida kama jua kuchomoza.

Uwanja wa shule yetu unagombewa. Asubuhi ni wa wanafunzi, mchana ni wa kila mtu, na jioni ni wa mpira wa miguu, na watu wa mpira hawana subira. Nilipoanza kufundisha riadha pale nilipewa saa moja tu kila Jumamosi. Katika saa hiyo nilitakiwa nikimbize mbio fupi, mbio za kupokezana vijiti, na mbio ndefu. Mbio ndefu ndizo zilizokuwa zinanila. Wa kwanza amemaliza, wa mwisho bado ana mizunguko mitatu, na vijana wa mpira wapo kwenye mstari wanapiga danadana na kunitazama kwa jicho la pembeni.

Nikatunga kanuni. Kengele ya shule, kama wote wajuavyo, ni rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mwarobaini, linagongwa kwa kipande cha nondo. Nikasema: wa kwanza akianza mzunguko wake wa mwisho, nitagonga rimu. Likishagongwa, ni la wote. Kila mmoja, popote alipo, akaze mwendo, maana wa kwanza akipita mstari mbio zimekwisha. Wa kwanza, wa pili na wa tatu tuliwajua kwa macho. Waliobaki nyuma tuliwapungia mikono: "Basi, basi, imekwisha, tokeni!" Watu wakaingia uwanjani kumbeba mshindi, mpira ukapigwa kati, na mimi nikaenda nyumbani na furaha ya mtu aliyetumia muda wake vizuri.

Miaka ishirini na sita niliitumia kanuni ile. Hakuna mzazi aliyelalamika. Wa nyuma walishukuru kupunguziwa. Na wewe, Shaibu, hukuwahi kuuona ubaya wake kwa sababu hukuwahi kuwa wa nyuma. Hapa kwetu rimu liligongwa kwa ajili yako kila mara. Hata ulipokwenda kwenye mashindano ya wilaya na ya taifa, ulikuwa mbele au karibu na mbele, na kengele ikilia ilikuwa yako kweli.

Huko duniani haiko hivyo. Kengele ya mzunguko wa mwisho hupigwa kwa ajili ya yule anayeongoza. Aliyepitwa kwa mzunguko mzima haimhusu. Yeye ana hesabu yake, na lazima atimize mizunguko yake yote ishirini na mitano hata kama mshindi ameshakunywa maji na kuvaa koti. Nilikuwa naijua kanuni hiyo. Niliisoma kwenye kitabu cha mafunzo ya ukocha, nikaijibia na mtihani, nikafaulu. Lakini kuijua kwangu kulibaki kwenye karatasi. Uwanjani niliendelea kugonga rimu.

Ulipochaguliwa kwenda kwenye mashindano ya kimataifa, ulikuwa na miaka kumi na minane. Mwezi mzima kabla ya safari nilikueleza kila kitu: baridi, chakula, namna ya kulala kwenye ndege, namna ya kusimama kwenye mstari na watu zaidi ya ishirini. Sikukwambia kwamba safari hii unaweza kupitwa kwa mzunguko. Nadhani niliona ni mkosi kulisema.

Siku ya mbio tulijazana kwenye kibanda cha kuangalizia mpira cha Mzee Likwata. Abdala alikuwa ameunganisha simu yake na runinga, na picha ilikuwa inakwama kila baada ya dakika mbili. Mama yako tulimpa kiti cha plastiki mbele kabisa, sisi wengine tukakaa kwenye mabenchi. Mimi nilikuwa na karatasi. Nilichora mistari, safu moja ya anayeongoza na safu moja yako, kila mzunguko mstari mmoja.

Ulikimbia kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kukuona. Mabega chini, kichwa kimetulia. Kwa hesabu yangu ulikuwa wa tisa, na ulikuwa ukielekea kwenye muda bora kuliko wote uliowahi kukimbia. Nataka hili lisomwe na kila mtu anayesimama mbele ya ubao ule: kupitwa kwa mzunguko na kijana yule hakukuwa aibu. Alikuwa anawapita wengi.

Picha ikakwama. Watu wakamrukia Abdala. "Oya, lipia bando hilo!" "Zima uwashe!" "Toa kichwa chako, mshamba wewe!" Picha iliporudi kengele ilikuwa inalia, na wewe ulikuwa bega kwa bega na yule anayeongoza. Hakuna aliyeona kwamba alikuwa ametokea nyuma yako. Waliona wawili tu mbele ya kamera, na mmoja wao alikuwa wa Mbagala.

Kibanda kizima kikasimama.

"Yupo naye! Yupo naye, jamani!"

"Mkamate, Shaibu! Usimwachie huyo!"

"Mama Shaibu, leo mihogo ya bure!"

Ulimfuata. Alipofungulia, nawe ukafungulia. Baada ya kilomita tisa na zaidi ulikimbia mita mia nne kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Alikutoka kidogo kwenye kona ya mwisho, akapita mstari, nawe ukapita nyuma yake, ukainua mikono yote miwili, ukaanguka kifudifudi, ukatoka pembeni. Mama yako alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Vijana walimnyanyua na kiti chake. "Wa pili duniani! Wa pili!"

Karatasi yangu ilikuwa na mistari ishirini na mitano upande mmoja, na ishirini na minne upande wako. Niliihesabu mara mbili. Kisha niliikunja mara nne, nikaitia mfukoni, nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Sijui niliogopa nini hasa. Labda nilitumaini nimeruka mstari mmoja picha ilipokwama. Baada ya muda matokeo yakatokea kwenye kioo, majina kwa mpangilio, na jina lako likawa chini kabisa, halina muda mbele yake, lina herufi tatu tu za kizungu.

"Mwalimu, hizi herufi maana yake nini?" Abdala akaniuliza.

Maana yake ni kwamba hakumaliza. Nilijua. Nikajibu, "Labda wamekosea kuandika." Mama yako alikuwa bado yuko juu ya mabega ya watu.

Uliporudi ulikuja kwangu kabla hujafungua begi. Tulikaa barazani, ukanisimulia. Ulisema kulikuwa na mzee mmoja wa kizungu, mwamuzi, mwenye kofia nyeupe. "Alinifuata, Mwalimu, anapunga mikono, anapiga makelele, ananisukuma mgongoni. Mie nikajua ananipongeza. Nikamshika mkono, nikamwambia asante mzee wangu. Akazidi kupiga makelele. Basi nikamkumbatia."

Tulicheka wote. Wewe uliacha kucheka kabla yangu. Ukainamisha kichwa, ukaniuliza polepole, kwa adabu ile ile uliyokuwa nayo siku zote: "Mwalimu, hivi uliwahi kunifundisha kwamba kengele ile ni ya wa kwanza tu?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Tulikuwa wawili tu, chai ipo, hakuna aliyenishikia fimbo. Nikakwambia, "Shaibu, mambo mengine mkimbiaji wa ngazi ile anatakiwa kuyajua mwenyewe."

Ukasema, "Sawa, Mwalimu."

Jibu la swali lako ni hapana. Sikukufundisha. Tena ni zaidi ya hapo: nilikufundisha kinyume chake, kila Jumamosi, kwa miaka mitano, kwa nondo na rimu.

Jumapili iliyofuata mtaa ulikufanyia mapokezi pale shuleni. Walikuvika shada la maua, wakakukalisha meza kuu. Mwenyekiti wa mtaa akanipa maiki niwaeleze wananchi kilichotokea, maana maneno yalikuwa mengi. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Watu walikuwa wameshaanza kuandaa sherehe ya kuniaga, na kila aliyesimama siku ile alikuwa akinisifu mimi kwanza ndipo akusifu wewe. Nilisimama nikasema, "Kijana alichanganyikiwa na uwanja wa watu. Ni ugeni, na utoto. Tumsamehe." Watu wakacheka kwa upole. Ulikuwa unatazama viatu vyako.

Sitajitetea kwa kustaafu. Nimekutajia ili ujue bei niliyokuuzia ilikuwa ndogo kiasi gani.

Upole wa watu haukukaa wiki. Wakakupa jina, Wa Pili. Ukipanda bodaboda: "Oya Wa Pili, usishuke, bado raundi moja!" Ukienda dukani: "Subiri chenji yako, Wa Pili, usije ukaondoka haijaisha." Watoto wadogo wasiojua hata mbio zilikuwa wapi walikufuata nyuma, wakifika kwenye nguzo ya umeme wanainua mikono juu na kujiangusha. Nilikuwa nawaona. Mara moja niliwakemea, wakanikimbia, na niliporudi ndani nilijiona nimefanya wajibu wangu.

Siku uliyoondoka kwenda Tunduru kwa mjomba wako nilikuja stendi ya Rangi Tatu kukuaga. Ulinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba, safari njema." Ukawa umesimama kwenye ngazi ya basi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, unanitazama. Utingo akasema, "Braza, ingia au shuka, tunachelewa." Najua ulikuwa unasubiri nini. Ukaingia.

Huu ni mwaka wa nne. Simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Sasa nikueleze kwa nini naandika leo. Baada ya kustaafu niliendelea na uwanja kila Jumamosi, kwa kujitolea. Mwanzo wa muhula huu shule ilipata mwalimu mpya wa michezo, msichana anaitwa Neema. Alikimbia mbio ndefu alipokuwa chuoni. Jumamosi yake ya kwanza alisimama karibu yangu na kidaftari. Nikagonga rimu, wa kwanza akamaliza, nikaanza kuwapungia wa nyuma: "Basi, basi, tokeni!"

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Hawa wa nyuma mbona tunawatoa?"

"Tunaokoa muda, mwanangu."

"Lakini hawajamaliza."

"Wa kwanza amemaliza."

Akaandika kitu kwenye kidaftari. Kisha akauliza, kwa sauti ya kutaka kujua tu, "Sasa watajifunzia wapi kumaliza?"

Hakukujua wewe. Hakuna aliyekuwa amemsimulia. Nilibaki na nondo mkononi, nikawaona watoto wale wanavyotoka uwanjani, wengine wamebakiza nusu mzunguko tu, wanaacha katikati bila hata kusikitika, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa. Niliilaza ile nondo chini ya mwarobaini nikaondoka bila kuaga.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mama yako. Alikuwa anamenya mihogo. Nilimweleza yote: kanuni ya rimu, karatasi niliyoikunja, swali lako, na jibu langu. Hakuacha kumenya hata kidogo. Alipofika kwenye muhogo wa mwisho akaweka kisu chini.

"Mwalimu," akasema, "miaka minne naambiwa mwanangu hajui kuhesabu mpaka ishirini na tano. Na mie nikanyamaza. Nilisema, kama Mwalimu mwenyewe kasema, mie nani? Ulinifunga mdomo nisimtetee mwanangu wa kumzaa."

"Nisamehe, Mama Shaibu."

"Mie usinianzie. Siku ile ulisema kwa maiki. Nenda kaseme kwa maiki."

Nikangoja mkutano wa mtaa. Walizungumza taka, wakazungumza mtaro, na hoja zilipokwisha nikanyoosha mkono. Nilisimama mbele ya watu wale wale, nikashika maiki, nikasema. Nilieleza kwa kirefu, kama kawaida yangu, na safari hii hakuna aliyeniambia nifupishe. Nikamaliza. Kisha Chande akasimama, yule wa bodaboda ambaye nadhani ndiye aliyekubatiza lile jina.

"Kwa hiyo, Mwalimu, dogo hakukosea?"

"Hakukosea. Alifanya nilichomfundisha."

"Na sie tumemwita Wa Pili miaka yote hii?"

"Mmemwita."

"Dah," akasema, akakaa, akavua kofia yake ya chuma akaiweka mapajani.

Bibi mmoja akauliza kutoka nyuma, "Sasa na wewe tukuiteje?" Watu wakacheka. Nikamwambia waniite watakavyoona inafaa. Basi hivi sasa, nikipita njiani, watoto wananipungia mikono: "Basi, basi, tokeni!" Jina langu ni Mzee Basi-Basi. Naitika. Ni haki yao, nami nimegundua kwamba jina la kweli, hata likiwa la dhihaka, linabebeka kuliko sifa ya uongo.

Mama yako hakutosheka. Baada ya mkutano alinisubiri mlangoni. "Maneno ya mkutano yanaondoka na viti," akasema. "Andika. Mwandikie mwenyewe, na wasome wote." Ndiyo maana umeikuta barua hii imeshapitiwa na macho ya watu. Kama umeona aibu, ujue aibu hiyo imewekwa mahali pake, nami nimeipokea.

Uwanjani mambo yamebadilika. Mimi na Neema tumekubaliana kwamba kila anayeanza anamaliza. Kocha wa mpira alinijia juu: "Mwalimu, giza litatukuta." Nikamwambia litukute. Akapeleka malalamiko shuleni. Nikaenda nami, nikakaa ofisini kwa mwalimu mkuu kwa saa mbili nikieleza, mpaka nadhani walikubali ili niondoke. Sitaliachia jambo hili. Nimebakiza nguvu chache, na nimeamua zitatumika hapa.

Jumamosi ya kwanza binti mmoja, Zuhura, alibaki peke yake uwanjani kwa mizunguko miwili mizima. Vijana wa mpira walipiga danadana, wakalalamika, wakapiga miluzi, kisha mmoja akaukalia mpira, na wengine wakakaa chini. Wakawa wanamtazama tu. Zuhura alipopita mstari alimfuata Neema akahema mbele yake, akauliza, "Nimemaliza? Sasa nafanya nini?" Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kufika pale.

Shaibu, sasa nina neno moja la kikocha, halafu nitanyamaza. Una miaka ishirini na miwili. Miguu ya mbio fupi huwahi, lakini ya mbio ndefu hukomaa polepole. Moyo unazidi kupanuka, mishipa inazoea, akili inatulia. Wakimbiaji wengi wa mita elfu kumi hufika kileleni wakiwa wamekuzidi miaka minne au mitano. Hukuchelewa. Na mjomba wako, nilipompigia, aliniambia kwamba kabla ya kwenda ghalani kubeba korosho unatoka kila alfajiri na raba zako, unarudi shati limelowa chapachapa. Nilimshukuru, sikumhoji zaidi. Mtu asiyetaka tena kukimbia hafanyi hivyo miaka minne bila mtu wa kumshangilia.

Mwezi ujao kuna mbio za mkoa za mita elfu kumi. Ni mizunguko ishirini na mitano kwenye uwanja kamili, na kila mkimbiaji atakuwa na mtu wake wa kumhesabia. Sijakuandikisha. Nimekwisha kukuamulia mambo ya kutosha. Fomu nimeichukua, ipo kwa mama yako, na inaweza kurudishwa hata siku moja kabla. Ukiona hutaki, ichane. Hutadaiwa maelezo na mtu yeyote, na mimi nitaendelea kuusema ukweli huu kila nitakapoulizwa, uje usije. Ukiona unataka, panda basi, teremka Rangi Tatu, nenda moja kwa moja kwa mama yako, ule ulale. Kwangu si lazima upite.

Penye nafasi ya jina la kocha nimeandika jina la Neema. Penye sahihi ya mkimbiaji nimepaacha wazi.

Kaa salama huko Tunduru, na unisalimie mjomba wako.

Ni mimi, aliyekuwa mwalimu wako,

Damasi